Undugu ni Kufaana: Wanyama Huwatambuaje Jamaa Zao?

Somo la Jumamosi, darasa la wakubwa. Wazazi, tafadhali someni pamoja na watoto.

  

Wiki hii tunaanza na methali ambayo wengi wenu mmeisikia nyumbani: Undugu ni kufaana, si kufanana. Isomeni kwa sauti, polepole, maana ulimi huteleza hapo. Kufaana ni kusaidiana, mmoja kumfaa mwenzake anapokuwa na shida. Kufanana ni kuwa na sura moja, pua moja, mwendo mmoja. Ukichomeka n moja tu katikati ya neno la kwanza, unapata la pili, na maana yote inageuka.

Methali hiyo ni ya watu. Leo tutaiuliza kwa wanyama. Wanyama hawana cheti cha kuzaliwa wala picha za ukoo ukutani. Hakuna shangazi wa kuwaambia, "Huyu ni mtoto wa mjomba wako, msalimie." Sasa wanajuaje nani ni wao? Na wakishajua, wanafaidika nini?

Maneno ya kujifunza

Jamaa: watu au wanyama wa ukoo mmoja.
Kutambua: kuona, kusikia au kunusa kitu ukajua ni kipi au ni nani.
Kinasaba (wingi: vinasaba): maelekezo madogo sana yaliyomo ndani ya mwili, tunayorithi kwa baba na mama. Huchangia rangi ya macho, aina ya nywele na mambo mengi mengine.
Mtafiti: mtu anayechunguza jambo kwa utaratibu ili ajue ukweli wake.
Jaribio: kitu anachofanya mtafiti ili kupima kama wazo lake ni sahihi.
Kinda (wingi: makinda): mtoto wa ndege.
Lafudhi: namna ya kutamka inayoonyesha mtu ametoka wapi.

Kwa nini mnyama awajue jamaa zake?

Sababu ya kwanza ni malezi. Maziwa ya mama hayatoshi kila mtoto wa jirani, na chakula hutafutwa kwa jasho. Mama akimnyonyesha mtoto asiye wake, huenda wake akafa njaa.

Sababu ya pili ni kusaidiana. Mwaka 1964 mtafiti wa Uingereza, William Hamilton, aliandika hesabu inayoeleza kwa nini mnyama anaweza kujitia hatarini kwa ajili ya mwingine. Hesabu yenyewe mnaiweza. Mtoto hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki nusu ya vinasaba vyao, kwa wastani. Wa mama mmoja baba mbalimbali, robo. Wewe na mjomba wako au shangazi yako, robo pia. Binamu, moja ya nane. Kwa hiyo mnyama akimwokoa ndugu yake, anaokoa pia sehemu ya vile alivyo navyo yeye mwenyewe, vikapita kwenda kizazi kinachofuata. Jinsi jamaa alivyo wa karibu, ndivyo inavyofaa zaidi kumsaidia.

Mfano mzuri ni kindi wa ardhini wanaoishi milimani California, Marekani. Hawa hawalali juu ya miti, wanachimba mashimo. Adui akija, wapo wanaosimama na kupiga ukelele, na wengine wote wanakimbilia mashimoni. Lakini anayepiga ukelele anajionyesha, na adui anaweza kumfuata yeye. Mtafiti Paul Sherman aliwaangalia kwa miaka kadhaa, akaandika matokeo yake mwaka 1977. Aliona kwamba wanaopiga ukelele mara nyingi adui anapokuja kwa miguu ni majike, hasa wale wenye mabinti, dada au mama karibu. Madume, ambao huhamia mbali na kwao wakikua, walikuwa kimya zaidi. Jike hubaki kwao, amezungukwa na jamaa, naye hujitia hatarini kwa ajili yao.

Sababu ya tatu ni kuepuka kuzaana wenyewe kwa wenyewe. Jamaa wa karibu wakizaana, kasoro zilizojificha kwenye vinasaba vya baba na mama hukutana kwa mtoto, na kizazi hudhoofika. Ndiyo maana simba dume akifika umri wa miaka miwili au mitatu hivi huondoka katika kundi alilozaliwa, akaenda kutafuta maisha kwingine, na dada zake wakabaki na mama zao. Huko Ngorongoro, Tanzania, ilionekana yanayotokea nafasi ya kuchanganyika ikipungua. Mwaka 1962 nzi waumao waliongezeka mno ndani ya kreta, wakawadhoofisha simba hata wakabaki kama 10 hivi. Idadi ilirudi kupanda baadaye, lakini kuta za kreta ni ndefu na simba wageni wachache tu waliingia. Wataalamu walipowapima, walikuta simba wa kreta wana tofauti chache za vinasaba kuliko wenzao wa Serengeti, ambao si mbali na hapo.

Sasa tuone wanavyotambuana. Nitawaeleza njia nne.

Njia ya kwanza: mahali

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni hii: aliyemo kiotani mwangu ni wangu. Ndege wengi huishi hivyo. Wapo mbayuwayu wanaochimba vitundu kwenye kingo za mito, mamia yao mahali pamoja. Hapa Uingereza wanakuja kila mwaka majira ya machipuko kutoka Afrika. Makinda wakiwa wadogo, mzazi hulisha yeyote aliye ndani ya kitundu chake. Ukimbadilishia kinda, atamlisha tu. Lakini makinda wakikaribia kuruka, wakiwa na umri wa wiki mbili na kidogo, kila mmoja huwa na mlio wake. Kuanzia hapo mzazi hufuata sauti, maana makinda wa vitundu vingi wanaanza kuchanganyika na anwani haitoshi tena.

Njia hii ya anwani ina hatari yake. Yupo ndege aitwaye kekeo, ambaye hajengi kiota. Jike hutaga yai lake katika kiota cha ndege mwingine, akaenda zake. Hapa Uingereza hupenda viota vya ndege wadogo wa kwenye matete. Kinda la kekeo likianguliwa, hata macho hayajafunguka, huyasukuma nje mayai ya wenye nyumba moja baada ya jingine. Halafu hulia kwa kasi, kana kwamba kiota kimejaa makinda. Mama mdogo wa watu hulisha bila kuchoka, hadi kinda linamzidi yeye kwa ukubwa. Mara nyingi ndege hao hulikataa yai geni likiwa tofauti sana na yao, lakini likishaanguliwa hawamkatai mgeni. Wamezoea kwamba aliyemo kiotani ni wao.

Njia ya pili: harufu

Kondoo jike akizaa, humlamba mtoto wake na kumnusa. Katika saa mbili hivi za mwanzo huishika harufu yake kichwani. Baada ya hapo mlango unafungwa: mwanakondoo mwingine akija kunyonya, anapigwa kichwa. Wachungaji wanalijua hili tangu zamani. Kondoo aliyefiwa na mtoto akiwa na maziwa, na pembeni yupo yatima mwenye njaa, mchungaji huchukua ngozi ya yule aliyekufa akamvika yatima kama koti. Mama hunusa, huona ni wake, huruhusu anyonye. Baada ya siku chache ngozi huondolewa, na kwa kawaida yatima ameshapata mama.

Kwa sisi wauguzi jambo hili lina ladha ya pekee, kwa sababu homoni inayohusika tunaifahamu vizuri. Inaitwa oksitosini. Ndiyo inayokaza kizazi wakati wa uchungu, ndiyo inayoshusha maziwa, na kwa kondoo ndiyo pia inayosaidia ubongo kuishika harufu ya mtoto mpya. Uchungu, maziwa na kumtambua mtoto vimefungwa kwenye kamba moja.

Tembo nao hutumia pua, tena kwa akili ya ajabu. Katika Mbuga ya Amboseli nchini Kenya, tembo wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1972, ukoo kwa ukoo, kila mmoja akijulikana kwa masikio yake na meno yake. Mwaka 2008 watafiti walieleza jaribio hili. Walikusanya udongo uliolowa mkojo wa tembo mmoja, wakauweka njiani mbele ya jamaa zake. Kama mkojo ulikuwa wa tembo aliyekuwa anatembea nyuma ya wenzake, basi jambo hilo halikuwezekana: angetanguliaje hali yuko nyuma? Tembo waliusimamia udongo huo na kuunusa zaidi, kama wanaosema, "Si tumemwacha nyuma huyu?" Ilionekana kwamba tembo mmoja anaweza kukumbuka wako wapi jamaa zake angalau 17 kwa wakati mmoja. Wazazi mliowahi kwenda sokoni na watoto watatu tu mtaelewa kazi hiyo!

Njia ya tatu: sauti

Hapo hapo Amboseli, Robert Seyfarth na mkewe Dorothy Cheney walifanya utafiti juu ya tumbili. Walirekodi kilio cha tumbili mdogo, wakaficha kipaza sauti kichakani, wakasubiri hadi majike watatu wamekaa pamoja, mmoja wao akiwa mama wa yule mtoto. Kisha wakakicheza kile kilio. Mama aligeuka kukitazama kichaka. Hilo tulilitarajia. Je, wale majike wengine wawili walitazama wapi? Walimtazama mama!

Fikirini maana yake, watoto. Majike wale walijua sauti ni ya mtoto gani, na walijua pia mtoto huyo ni wa nani. Kila mmoja alikuwa na ukoo wa mwenzake kichwani. Ni kama mtoto akianguka na kulia uwanjani kwetu siku ya sherehe: kabla hajanyanyuka, macho ya kina mama wote yameshamgeukia mama yake. Matokeo hayo yaliandikwa mwaka 1980, na mpaka leo yanatajwa katika vitabu vya elimu ya wanyama.

Njia ya nne: kukua pamoja

Turudi kwa wale kindi wa California, maana watafiti waliuliza swali lililo gumu zaidi. Warren Holmes na Paul Sherman walichukua watoto wachanga wa kindi na kuwabadilisha mama. Wengine walilelewa na ndugu zao wa damu. Wengine walilelewa na wasiokuwa ndugu zao kabisa. Walipokua wakawakutanisha wawili wawili, wakaangalia nani anapigana na nani.

Waliolelewa pamoja hawakupigana sana. Na ilikuwa sawa kama ni wa damu moja au si wa damu moja. Kwao, tuliyekula naye na kulala naye shimo moja ni ndugu, basi.

Lakini jaribio lilionyesha jambo la pili pia. Dada wa damu waliotenganishwa tangu wachanga, wasiowahi kuonana, walipokutana walipigana kidogo kuliko majike wawili wageni. Kumbe mnyama anaweza pia kujilinganisha: ananusa mwingine, anapima na harufu yake mwenyewe au ya waliomlea, na inayokaribiana anaiheshimu. Kwa hiyo kindi ana njia mbili kwa pamoja, mazoea na mfanano. Katika maisha ya kawaida njia hizo humpeleka mahali pamoja, kwa sababu anayelala nawe shimoni kwa kawaida ndiye ndugu yako wa damu. Watafiti ndio waliozitenganisha.

Wasiojua wa nani ni wa nani

Je, ikiwa hakuna njia hata moja inayofanya kazi? Twende Uganda, kwenye rasi ya Mweya katika Mbuga ya Malkia Elizabeth. Wapo nguchiro wenye miraba mgongoni, wanaoishi kwa makundi. Majike wenye mimba katika kundi moja huzaa karibu wote usiku mmoja, ndani ya shimo moja. Asubuhi kuna rundo la watoto, na hakuna mama anayeweza kusema kwa uhakika, "Huyu wangu, yule wako."

Watafiti walifanya jaribio lililotolewa mwaka 2021. Katika kila kundi waliwapa nusu ya wajawazito chakula cha ziada, nusu nyingine hawakuwapa. Waliopewa walizaa watoto wakubwa zaidi; wasiopewa walizaa wadogo. Kama mama angewajua wake, angeweza kuwapendelea, na aliyezaliwa na nafasi nzuri angezidi kwenda mbele. Haikuwa hivyo. Wale mama walioshiba waliwatunza zaidi watoto wa wale wasiopewa chakula, wale waliokuwa wadogo. Kadiri siku zilivyopita, tofauti ya ukubwa ikafutika.

Mama asiyejua yupi ni wake ana njia moja ya kumsaidia wake bila kukosea: amsaidie aliye dhaifu kuliko wote, maana huenda ndiye. Ukitaka kueleza neno kufaana kwa mfano, huo hapo.

Fuko na lafudhi ya nyumbani

Mnyama wetu wa mwisho anaishi Kenya, Ethiopia na Somalia, chini ya ardhi. Ni fuko asiye na manyoya. Si mzuri wa sura, ana mikunjo na meno ya mbele yaliyochomoza, na karibu haoni kabisa. Lakini anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, umri ambao panya wa kawaida hata hausogelei. Huishi kwa makundi makubwa, na katika kila kundi malkia mmoja tu ndiye anayezaa. Wengine ni wachimbaji, walezi na walinzi.

Gizani huko, fuko wawili wakikutana kwenye njia nyembamba husalimiana kwa mlio mfupi. Mwaka 2021 watafiti wa Berlin, Ujerumani, na wenzao wa Pretoria, Afrika Kusini, walieleza kwamba kila kundi lina lafudhi yake. Walirekodi maelfu ya salamu hizo kutoka makundi saba, wakaipa kompyuta izichambue, nayo iliweza kutambua salamu ni ya kundi gani. Fuko wenyewe walipochezewa sauti, waliitikia zaidi lafudhi ya kwao. Hilo ni muhimu, maana fuko mgeni akiingia kundi lisilo lake hushambuliwa, hata kuuawa.

Sasa sikilizeni sehemu hii. Watafiti walichukua watoto watatu yatima wakawaweka kwenye makundi mengine yenye watoto wachanga. Baada ya miezi sita, yatima hao walikuwa wanasalimia kwa lafudhi ya kundi lililowalea. Hawakuzaliwa nayo. Walijifunza kwa kusikia, kila siku, kutoka kwa waliowazunguka. Na katika kundi moja malkia alipopotea, lafudhi ya kundi ilianza kuparaganyika, kila mmoja akilia kivyake, mpaka malkia mpya alipopatikana, ndipo ikarudi kuwa moja.

Na sisi binadamu?

Huku hospitalini mtoto akizaliwa tu, wakunga humfunga mikanda ya jina, ili asichanganywe na mwingine. Ni utaratibu mzuri na lazima ufuatwe. Lakini mtoto mwenyewe ameshaanza kazi yake ya kutambua kabla ya mkanda huo. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walieleza jaribio la Marekani kwa watoto wasiozidi siku tatu tangu wazaliwe. Waliwapa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya sauti. Wakinyonya kwa mwendo fulani walisikia sauti ya mama yao. Wakibadili mwendo walisikia ya mama mwingine. Watoto wale wachanga walijifunza kunyonya kwa mwendo uliowaletea sauti ya mama. Walikuwa wameshaizoea tangu tumboni.

Kwa hiyo hata sisi, njia ni zile zile: harufu, sauti, kukaa pamoja. Damu haisemi yenyewe. Inahitaji alama, na alama hujifunzwa.

Nayasema haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwa watoto. Katika shule yetu wapo wanaoishi na mama na baba, wapo wanaolelewa na mama mkubwa, na bibi, na mjomba, na baba wa kambo, na wapo waliopokewa na familia isiyo ya damu yao. Mtu akikuuliza, "Huyo ni ndugu yako wa kweli?" usibabaike. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hata kindi anajua kwamba aliyekua nawe shimo moja ni wako.

Ya pili ni kwetu wazazi. Watoto wetu wana binamu Tanga, Mombasa, Unguja, Lubumbashi, Bujumbura na Maskati ambao hawajawahi kulala nao chumba kimoja. Mahali hawashirikiani. Harufu ya jikoni kwa bibi hawaijui. Iliyobaki ni sauti, na sauti hiyo ina lugha ndani yake. Mtoto akipewa simu akasema neno moja la Kiingereza na kurudisha, bibi amesikia mtoto wa watu. Akisema, "Shikamoo bibi, umeamkaje?" hata kama r na l zinamchanganya, bibi amemtambua wa kwake. Naye mtoto siku akihitaji kufaana na jamaa zake, atakuwa na mlango wa kubisha hodi.

Fuko ana lafudhi moja, na asiye nayo anang'atwa. Nyinyi watoto mnaweza kuwa na mbili, hata tatu, na hamna haja ya kumng'ata mtu. Darasani mmeshasikia: mmoja anasema ndoo, mwenzake wa Kongo anasema vingine, mmoja anasema bibi, mwingine nyanya. Msichekane. Hizo ni alama za makwao, na kila anayekuja na yake anatuongezea.

Kiswahili chetu: -ana

Tazameni mwisho wa neno kufaana. Kiambishi -ana kinaonyesha kwamba jambo linatoka kwa huyu kwenda kwa yule, na kurudi.

kufaa: kufaana
kujua: kujuana
kuita: kuitana
kutambua: kutambuana
kusaidia: kusaidiana
kunusa: kunusana
kulinda: kulindana

Mfano: Tembo ananusa udongo. Tembo wananusana. Katika sentensi ya pili, kila tembo ananusa na kunuswa.

Kumbukeni pia: tembo, kindi na tumbili huenda na a- na wa-. Tembo mmoja anatembea, tembo wawili wanatembea. Ndugu naye ni hivyo: ndugu huyu anakuja, ndugu hawa wanakuja. Lakini tukisema ni wa nani, tunasema ndugu yangu, na wakiwa wengi, ndugu zangu.

Maswali

1. Taja sababu tatu zinazomfanya mnyama awatambue jamaa zake.
2. Kwa nini mchungaji humvika yatima ngozi ya mwanakondoo aliyekufa?
3. Wale majike wawili wa tumbili walimtazama nani, na hilo linatufundisha nini?
4. Wewe na binamu yako mnashiriki vinasaba kiasi gani, kwa wastani? Na wewe na shangazi yako?
5. Kwa nini kekeo anafanikiwa kumdanganya ndege mwingine?
6. Nguchiro mama hamjui mtoto wake. Je, hilo lina faida au hasara? Jibu kwa sentensi tatu, na utumie neno moja lenye -ana.

Kazi ya nyumbani

Mpigie simu jamaa mmoja anayeishi mbali. Msalimie kwa Kiswahili kwanza, kisha muulize: "Katika ukoo wetu, mimi nimefanana na nani?" Akishajibu, muulize swali la pili: "Na nani katika ukoo wetu aliwahi kukufaa wakati wa shida?" Andika majibu yote mawili. Wazazi, tafadhali msiwajibie. Mtoto akikwama kwenye neno, mnong'onezeeni neno hilo moja, halafu mwacheni aendelee mwenyewe.

Wadogo wa darasa la chini wachore mnyama mmoja wa somo hili pamoja na jamaa zake, na chini yake waandike: Hawa wanatambuana kwa ... wajaze wenyewe: mahali, harufu, sauti au kukua pamoja.

Jumamosi ijayo tutasomeana majibu. Njooni na madaftari, na anayeweza aje na bibi.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa darasa la wakubwa